Kiti Kilichosingiziwa

Watu huleta vitu vyao jioni. Mchana hakuna anayependa jirani amwone akitoa kabati la nyumbani kwenda kuliuza, kwa hiyo wanasubiri jua lilegee, kabla taa za barabarani hazijawaka, ndipo wanajitokeza na mkokoteni uliofunikwa shuka. Duka langu ni la mali kauli. Unaniachia kitu chako, nakiuza, nachukua fungu langu, kinachobaki ni chako. Hatuandikiani chochote. Watu wanaamini mdomo wangu, na mdomo wangu umenilisha miaka mingi.

Jioni hiyo nilikuwa nimetoka mara moja tu kununua balbu. Niliporudi nilimkuta mwanamke mrefu amesimama mlangoni pa duka, kajifunika mtandio wa kijivu. Nyuma yake mtu wa mkokoteni alikuwa anapangusa jasho. Juu ya mkokoteni kulikuwa na kitu kimoja, kimeviringishwa blanketi kama mgonjwa.

"Karibu mama. Umeniletea nini?"

"Kiti."

"Kimoja tu?"

"Kimoja kinatosha," akasema.

Wenzangu wa kazi hii wananiita Kucha. Chombo chochote kikiingia dukani, kwanza nakipindua. Upande wa mbele ni wa kudanganyia watu. Huko chini, ambako fundi hakutegemea mtu achungulie, ndiko ukweli unakokaa. Nakwangua kwa ukucha wa dole gumba. Mti wa ovyo uliopakwa rangi ya viatu unakuachia uchafu chini ya ukucha. Mpingo haukuachii kitu. Unakuvunja ukucha tu.

Nilikipindua, nikakwangua. Ukucha ukapinda.

Mpingo mtupu. Miguu, mgongo, mikono, hadi vile vijiti vilivyobana viungo. Msumari hata mmoja hakuna. Kikalio kilisukwa kwa henzirani, zile fito nyembamba, kwa mkono, kazi ambayo siku hizi ukimtafuta wa kuifanya utazeeka njiani. Katikati ya kikalio palikuwa pamebonyea kidogo, mbonyeo wa mtu mmoja mwembamba aliyekaa hapo muda mrefu sana. Nikakinusa. Kilinuka nguo mbichi iliyopigwa pasi.

Moyo ulinienda mbio. Uso haukwenda popote, maana hiyo ndiyo kazi.

Nikaguna. Nikatikisa kichwa. "Mama, nikwambie ukweli," nikasema, na mtu wa duka akianza na maneno hayo wewe shika mfuko wako. "Huu ni mti wa ovyo. Wameupaka rangi ya viatu wakausugua. Asiyejua atasema mpingo."

Alinitazama bila kupepesa.

"Sema tena."

"Nini?"

"Hicho ulichosema. Masikio yangu si mazuri."

"Ni mti wa ovyo, mama. Hakina thamani. Nitajaribu kumtafuta mtu wa kukionea huruma."

"Una hakika?"

"Nimeanza kazi hii sijaota ndevu."

Akashusha pumzi... ndefu, ya mtu aliyetua mzigo kichwani. Hakubishana. Na hapo ndipo mtu mwenye akili angeshtuka. Hata mchuuzi wa samaki waliooza husema wametoka majini asubuhi. Huyu alisikia kiti chake kinatukanwa na hakukitetea hata kwa neno moja. Lakini tamaa ilishanikalia machoni.

Katika biashara yetu kuna mteja tunamwita Mzee wa Mbali. Hayupo. Kitu kizuri kikija kwa mtu asiyejua thamani yake, unasubiri kidogo, kisha unampigia simu: "Mama, kuna mzee katoka mbali, amekipenda, ila bei yake ni ya kuni." Mwenye mali anachoka, anakubali. Unamlipa kutoka mfukoni mwako, kitu kinabaki kwako, baadaye unawauzia wenye majumba makubwa kwa bei yake halisi.

Nikampigia. Akaja jioni, safari hii akisukuma kiti cha magurudumu. Ndani yake alikaa kijana wake, mkubwa, ndevu zimejaa, magoti kayafunika taulo. Yule mama alipokea pesa akazitia mkobani bila kuzitazama.

"Huyo mzee amekipeleka kwake?" akauliza.

"Ameshakipeleka, mama."

"Nyumbani anakolala?"

"Ndiyo."

Yule kijana muda wote hakunitazama usoni. Alikuwa ananitazama miguu. Miguu yangu mimi, kama mtu anayeangalia chakula cha mwenzake.

"Mama," akanong'ona, "twende."

Nilikipeleka nyumbani usiku huo huo. Mke wangu, Mama Chiriku, alifungua mlango akasimama.

"Hiki tena cha nani?"

"Chetu kwa muda."

"Kinanuka."

"Kinanuka hela," nikasema. Akacheka, na mimi nikacheka. Nikakiweka sebuleni karibu na dirisha.

Chiriku ni binti yetu wa pekee. Tulimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haupumziki. Anaongea na paka, na sufuria, na viatu vyake. Kwa hiyo jioni ya kesho yake nilipomsikia anaongea peke yake mkekani, sikugeuka. Nilikuwa mezani nafunga plagi ya taa. Jua lilikuwa linazama na sebule imeingiwa na ule weusi wa kabla ya taa.

Hapo nikasikia sauti.

Henzirani ina tabia moja ambayo kila mtu wa fanicha anaijua. Ukiikalia hailii sana. Inalia ukiinuka. Zile fito zilizobonyea zinarudi mahali pake moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayejivunja vidole.

Tik...

Tik... tik...

Nikanyanyua kichwa. Mke wangu yuko jikoni, namsikia anaosha vyombo. Chiriku yuko mkekani. Mimi niko mezani.

Tik...

Nikaenda. Nikaweka kiganja kwenye kikalio.

Kilikuwa na joto.

Hakuna aliyekuwa amekaa. Ila kuna aliyekuwa ameinuka.

Nikamgeukia mwanangu. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa ametazama juu, pembeni yangu kidogo, kwa heshima, kama mtoto anavyomtazama mtu mzima anayepita.

Nilijiambia ni jua la mchana limepasha joto zile fito. Mtu hujiambia mengi. Jioni iliyofuata nilikaa mlangoni makusudi. Chiriku alisogea mwenyewe akakaa chini mbele ya kiti. Mikono yake midogo ikanyanyuka ikaanza kwenda mbele na nyuma, hewani, ikibana na kuachia.

"Unafanya nini, mama?"

"Namkanda bibi."

"Bibi gani?"

"Huyu." Akaonyesha kwa kidevu, maana mikono ilikuwa kazini. "Miguu yake inamuuma. Anasema nikimkanda inapona."

"Hebu acha."

"Baba, ni mkubwa," akanong'ona, kama vile nimemtia aibu mbele ya mgeni. "Mkubwa akikuomba huwezi kukataa. Wewe ndiye uliyesema."

Ni kweli, nilisema. Nilimlea mwenye adabu. Majirani walikuwa wananisifia kwa adabu yake.

Nikamnyanyua, nikamweka kitandani. Viganja vyake vilinuka nguo mbichi iliyopigwa pasi. Usiku ule akalalamika miguu imekufa ganzi. Asubuhi akachechemea. Siku chache baadaye alikuwa anashika ukuta kwenda chooni, na mwisho wa wiki mama yake alikuwa anambeba.

Tulikwenda hospitali. Wakamgonga magoti kwa kinyundo, wakampiga picha, wakachukua damu. Daktari alikuwa mpole, akasema haoni kitu. Chiriku alikuwa amelala kwenye kitanda chao cha magurudumu, kimya. Mtoto asiyenyamaza amenyamaza. Hilo lilinivunja kuliko ile miguu.

Nikakitoa kile kiti nyumbani, nikakifungia stoo ya dukani, nyuma ya makabati. Nikarudi kabla ya magharibi, nikakaa sebuleni nikatazama pale karibu na dirisha, mahali patupu.

Jua likazama.

Tik... tik...

Sauti ilitoka pale pale. Hakuna kiti. Chiriku, aliyekuwa amelazwa kwenye kochi, akajiviringisha akaanguka chini, akajivuta kwa viwiko hadi dirishani. Mikono ikaanza kwenda hewani.

Mke wangu alimkimbilia akamkumbatia. Alilia bila sauti. Kisha akaniuliza kwa upole, na huo upole ndio uliouma, "Baba Chiriku, kile kiti ulikipataje?"

"Nilikinunua," nikasema.

"Kihalali?"

"Wewe unanionaje?"

Aligeukia mtoto.

Yule mama alikuwa ameniambia anakaa nyuma ya tangi la maji, geti la buluu. Nilikwenda kesho yake jioni. Nikagonga. Nilisikia kitu kinaburuta upande wa pili... kinasimama... kinaburuta tena. Geti likafunguka.

Alikuwa yule kijana. Amesimama. Mkono mmoja ukutani, magoti yanatetemeka, kajasho kwenye paji la uso, lakini amesimama kwa miguu yake.

Akaitazama miguu yangu, kisha kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

"Samahani," akasema.

Sebuleni kwao hapakuwa na kiti hata kimoja. Tulikaa mkekani. Mama yake aliketi mbele yangu na mtandio wake ule ule wa kijivu.

"Yule mzee wako hajambo?" akauliza.

Nilitamani ardhi ipasuke. "Hakuna mzee," nikasema. "Ni mtoto. Binti yangu."

Akafumba macho. "Nilijiambia unaishi peke yako. Sikukuuliza, ili niendelee kujiambia hivyo."

"Kwa nini hukunionya?"

"Nilikuambia useme tena."

Niliinamisha macho mkekani.

"Ungesema ni mpingo," akaendelea, sauti chini, "ningekirudisha kwenye mkokoteni nikaenda nacho. Hakiendi kwa anayekinunua kwa haki. Hakiendi kwa anayepewa zawadi. Kinakwenda kwa anayekisingizia, kisha akakichukua. Mimi nilikichukua kwa mjane mmoja. Nilimwambia kina dumuzi, wadudu wamekitoboa ndani. Hakikuwa na dumuzi hata mmoja." Akakunja pindo la mtandio. "Jioni ile dukani kwako nilikuwa naomba dua. Naomba huyu mtu aseme uongo. Mama mzima, namwomba Mungu mtu aseme uongo. Niliona aibu, lakini sikuacha kuomba."

"Huyo anayekaa ni nani?"

"Wanasema alikuwa bibi mmoja, miguu imekufa. Wanawe wakamsingizia uchawi ili wamtoe nyumbani mwake. Alifia kwenye hicho kiti." Akanyoosha pindo la mtandio. "Wengine wanasema hakusingiziwa."

"Wewe unasemaje?"

Nje, kijana wake alikuwa anapita kando ya ukuta, anaburuta, anasimama, anaburuta.

"Mimi nasema mwanangu anatembea."

Nilitoka pale nimepata nguvu, na hiyo nguvu nayo ni ya kuonea aibu. Kwamba ni hilo tu? Nimpate mwongo? Katika biashara ya fanicha za mitumba? Nimesema maisha yangu yote kwamba sisi wote ni wezi, tunatofautiana mizani tu. Nilimwambia mke wangu kwamba nimepata dawa, nitarudi na habari njema. Nikakitoa kiti stoo, nikakipakia kwenye mkokoteni wa kukodi.

Nilianza kwa Mzee Gundi, ambaye nimemsengenya kwa wateja miaka yote kwamba anauza makabati ya maboksi. Alikipindua, akavaa miwani, akapiga mluzi.

"Kucha, wewe unaumwa? Huu ni mpingo. Usimpe mtu kwa bei ya bure."

"Tazama vizuri. Si rangi hiyo?"

"Rangi?" Akaniwekea mkono begani. "Nyumbani kwema?"

Nikaenda kwa Mama Mapazia, anayeuza taa, vioo na mapambo ya ukutani. Aliita na wenzake waje waone kazi ya mkono. Alisema hana uwezo wa kukinunua, ila anamjua mtu atakayenilipa vizuri, na hataki chochote kwa kunikutanisha naye. Nikaenda kwa jamaa mmoja tunayemwita Nusu Bei, ambaye hata jina lake ni mtego. Naye akasema kweli. Nikaenda kwa wengine. Nilizunguka hadi mtu wa mkokoteni akanionea huruma.

Hakuna aliyenidanganya. Miaka yote hiyo nilidhani nafanana na wenzangu. Nilikuwa peke yangu, na sijui kama kuna fedheha kubwa kuliko hiyo.

Ila sikuwa peke yangu kabisa. Kulikuwa na mmoja.

Mdogo wangu nilimlea mimi, wazazi walipoondoka. Tunamwita Msasa, kwa kuwa anajua kulainisha kitu na kumlainisha mtu. Duka lake liko upande mwingine wa mji, na anaishi chumba cha nyuma yake na mkewe. Nilijiambia naenda kwake kupumzika. Nilijiambia pia kwamba damu ni nzito kuliko maji, Msasa hawezi kunidanganya mimi, na akiniambia kweli nitamwambia yote tutafute njia pamoja. Sijui ni lipi kati ya hayo nililiamini.

Jua lilikuwa limeinama nilipofika. Shemeji alitoka na maji ya kunywa, tumbo limetangulia, mwezi wa kujifungua umekaribia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba shemeji. Za hali hiyo?"

"Anapiga mateke huyu," akasema, akacheka, akarudi ndani akitembea kwa kuyumba.

Msasa alikipindua kiti. Akakwangua kwa ukucha, kama nilivyomfundisha. Nikaona macho yake yanawaka. Kisha nikaona yanazimwa. Ninajua yanavyozimwa, maana nilimkalisha mbele ya kioo nikamfunza.

Akaguna. Akatikisa kichwa.

"Kaka, nisikufiche. Kwa hiki wamekulaghai. Mti wa ovyo huu, umepakwa rangi."

Alikuwa ananidanganya mimi, kaka yake, niliyemlisha kwa mkono, na alikuwa anafanya vizuri. Pale pale ningeweza kumshika mkono. Ningesema, mdogo wangu, kimbia. Shemeji alikuwa anaimba chini chini huko ndani.

Nikamwona Chiriku, anavyojivuta kwa viwiko.

"Sema tena," nikasema.

"Nini?"

"Hicho ulichosema."

Akasita. Nilimwona anasita, na naapa kwamba moyoni nilimwomba aseme kweli. Au niliomba asiseme. Sauti zote mbili zilikuwa zangu.

"Ni mti wa ovyo, kaka. Niachie hapa, nitakutafutia mtu."

"Asante," nikasema.

Siku chache baadaye akanipigia kwamba amepatikana mzee mmoja katoka mbali, bei yake ndogo. Nikamwambia amwachie tu.

Jioni hiyo nilikaa sebuleni, nikatazama pale dirishani. Jua likazama. Nikasubiri.

Kimya.

Chiriku alisema miguu inamwasha kama imepitiwa na siafu. Mama yake alimshika mikono, akasimama, akaanguka, akasimama tena. Kesho yake alikuwa anaongea na paka. Wiki ile ile alitoka uani. Mke wangu alinipikia chakula ninachokipenda, akanitazama nikila, akaniuliza ile dawa ilitoka wapi. Nikasema kile kiti nimekiuza. Akauliza kwa nani. Nikasema kwa mzee mmoja.

Msasa alinipigia simu jana magharibi. Sauti yake ilikuwa chini, sauti ya mtu asiyetaka kusikika ndani ya nyumba yake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Shemeji hajambo?"

"Yupo..." Akameza mate. "Kaka, anashinda amekaa sakafuni. Kila jioni mbele ya kile kiti. Mikono inakwenda hewani, kama anakanda kitu. Namuuliza, ananiambia mkubwa akikuomba huwezi kukataa. Leo ameshindwa kuinuka. Na mtoto tumboni... tangu asubuhi hajapiga teke."

Sikumuuliza kile kiti kimefikaje chumbani kwake, na yule mzee alikuwa amekinunua. Naye hakukumbuka kunificha.

"Nyie mlipokuwa nacho," akanong'ona, "mliona kitu?"

Nilikuwa na la kumwambia. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini ningemwambia, angejua kwamba nilijua, jioni ile niliposema sema tena. Na akijua, kitarudi wapi? Uani kamba ilikuwa inapiga chini, pa... pa... pa... na Chiriku anaruka huku anapiga kelele za furaha.

"Hapana," nikasema. "Ni mimba hiyo. Miguu ya mja mzito huwa hivyo. Mpeleke hospitali wamwangalie."

Kisha nikamsikia anashusha pumzi.

"Nimepata moyo, kaka. Nilijua kama kuna jambo, wewe ungeniambia."

"Msalimie shemeji," nikasema.

Nikatoka uani. Kamba ilikuwa imefungwa ncha moja kwenye nguzo, na ncha ya pili alikuwa ameishika mke wangu, chini ya dirisha lile lile ambalo nilikuwa nimesimama kando yake nikiongea na simu. Hakuniuliza nilikuwa naongea na nani. Aliiweka kamba mkononi mwangu, akaingia ndani. Chiriku alikuwa anasubiri, kwa hiyo nikaizungusha.